Barua kwa mwanangu anayekwenda kusimama mbele ya watu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana jioni nikikunja turubai. Unasema mwezi ujao umepangiwa kutoa mada ya ukaushaji wa dagaa kwenye semina ya wataalamu wa samaki, hapa hapa Mwanza. Na kwamba mara ya mwisho, kule Dodoma, ulipofika slaidi ya nane ukaona nusu ya ukumbi wameinamia simu. Ukauliza: "Mama, nifanyeje wanisikilize?"

Nilicheka kidogo, unisamehe. Umemuuliza mtu ambaye maikrofoni ameishika mara moja tu, siku ya sendofu ya dada yako, na hata siku hiyo nililia badala ya kusema. Lakini viti vya nyuma ninavijua. Tangu nianze kuuza dagaa soko la Mwaloni nimeitwa semina za mikopo, za usafi wa mialo, kule mitumbwi inakoshusha samaki, za uvuvi haramu, nyingine hata sikumbuki zilihusu nini. Kwa hiyo nitakujibu nikiwa kwenye kiti.

Kuna semina moja alikuja mtaalamu, mtu msomi kweli. Alianza na itifaki: mgeni rasmi, mwakilishi wa mgeni rasmi, wenyeviti wote mmoja mmoja, halafu akasema itifaki imezingatiwa. Kisha akatupa mgongo, akaanza kutusomea maandishi ya ukutani, herufi kama mayai ya chawa. Alikuwa anazungumzia upotevu wa mazao ya uvuvi. Na mimi muda huo huo nilikuwa na dagaa wabichi nimewaanika mchangani, nje wingu jeusi linapanda kutoka ziwani. Upotevu wangu ulikuwa dirishani! Hakuuona, maana hakuwahi kugeuka. Mvua ilinyesha, wale dagaa nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Wataalamu wenzako nao wana dagaa wao wameanikwa nje. Mwingine anadaiwa ripoti, mwingine bosi anampigia, mwingine mtoto yuko hospitali. Ukitaka aache hilo wingu akutazame wewe, lazima kwanza useme kitu kinachomhusu. Hao wa kwako ni watu wa kupima ubora na kukagua mialo. Wanaumizwa na nini kazini? Kalijue hilo kabla hujagusa slaidi hata moja. Wapigie watatu uwaulize.

Sasa nikwambie aliyeniweza mimi. Kijana mdogo tu, bwana samaki. Tulipoingia ukumbini tulikuta mezani sado mbili zimefunikwa kanga, pembeni beseni mbili za maji. Hakusema ni za nini. Watu tukaanza kunong'onezana. Alipopewa nafasi alisalimia kwa sentensi moja, akafunua: dagaa huku, dagaa huku. Akamwaga kila sado kwenye beseni lake, akakoroga kwa mkono, akawaopoa dagaa, akaacha maji yatulie. Alinyamaza, mwanangu. Alinyamaza mpaka mtu wa nyuma akasimama kuchungulia. Beseni moja chini lilikuwa na mchanga wa kujaza kikombe. Ndipo akamgeukia mama mmoja akamuuliza, "Hawa unawanunua kilo shilingi ngapi? Na wale?" Ukumbi ukalipuka kwa ubishi wa bei. Habari ya chanja, yaani meza ya miti na nyavu ya kuanikia dagaa wasiguse mchanga, aliitia katikati ya ubishi huo, wala hatukujua kama tunafundishwa. Wiki hiyo hiyo nilitafuta miti na nyavu chakavu, nikajenga chanja yangu ya kwanza.

Babu yako angemwelewa yule kijana. Yeye alikuwa Mgika, na unajua mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, baada ya mavuno: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, saa ile ile, na mtazamaji hafungwi kamba. Akichoshwa huku anahamia kule. Anayebaki na watu wengi ndiye mshindi, basi. Babu aliniambia mchezaji mwenye chatu hakumtoa haraka. Watu walianza kuona kikapu, kikatikisika kidogo, ngoma ikaendelea. Kila kundi lilikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, na babu aliiamini mpaka anakufa. Mimi naona dawa kubwa ilikuwa mazoezi, na lile jicho la manju, kiongozi wa ngoma, kuona mapema upande gani watu wanaanza kuondoka, abadili wimbo. Tofauti yako na yeye ni kwamba watu wako wakihama, miili inabaki kwenye viti. Waangalie macho, siyo miguu.

Halafu tarakimu zako. Ukisema ziwa letu la Victoria lina kilomita za mraba 68,800, nitaitikia kwa kichwa na sitakuwa nimesikia kitu. Sema Rwanda mbili zinaingia humo na nafasi inabaki. Wanunuzi wa Rwanda tunao hapa sokoni, nchi yao tunaijua. Au sema kwamba meli ya Ukerewe inakata maji kwa muda wa saa tatu hivi na bado hujatoka pembeni mwa ziwa. Wataalamu nao ni watu, wasikudanganye na tai zao.

Mengine madogo. Umeme ukikatika uwe na la kusema bila projekta. Maikrofoni ijaribu mapema. Mtu akiuliza swali, lirudie ili wa nyuma tulisikie. Ukiwa hujui jibu sema hujui, chukua namba yake. Na wakikupanga baada ya chakula cha mchana, omba ubadilishiwe. Ugali na sato huwashindi wewe. Ikishindikana, punguza mada nusu. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba semina iliisha mapema, tena posho ikiwa ni ile ile.

Njoo siku tatu kabla. Zitakuwa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa hiyo nitakuwa nyumbani. Utatueleza mada yako yote uwani, mimi na shangazi yako, kwa sauti, saa ikiwa mezani. Shangazi unamjua kwa kusinzia. Pale atakapofumba macho, hapo ndipo tunakata.

Sado mbili ninazo. Kanga chagua mwenyewe.

Mama yako