Punguza saa kabla hujapunguza watu

Oda zikianza kukatika, kwenye mkutano wa ushirika wa wafanyakazi hakosi mtu wa kuuliza: nani aondoke? Mimi ni mweka hazina wa ushirika wa ushonaji ambao wenye mali ni sisi tunaokaa kwenye cherehani, na ushauri wangu ni kwamba jambo hilo mlimalize mwaka wa neema, wakati hakuna anayemwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Sisi tuliliandika kwenye masharti: kazi ikipungua, saa zinapunguzwa kwa wote, viongozi wakiwemo. Mteja wetu mkubwa wa sare aliposimamisha oda, tulibandika karatasi ukutani yenye mambo mawili tu, fedha iliyopo benki na wiki inazoweza kulipa mishahara. Kila Jumatatu nilifuta tarakimu na kuandika mpya mbele ya watu. Minong'ono ikaisha. Fundi aliyekuwa akidai kamati inaficha fedha ndiye aliyesimama kupendekeza tushuke hadi siku nne, na yeye huyohuyo akaanza kutuletea nguo za kurekebisha. Vijisenti, lakini viliingia.

Saa pekee haziokoi, bila akiba mtakuwa mnajivuta tu. Tengeni sehemu ya faida kila mwaka kabla ya gawio, na muandike kwamba mfuko huo haugawanywi hata ushirika ukivunjwa. Mtalalamikiwa kila mkutano mkuu (nimezoea). Ila mfuko unaogawanyika ni kishawishi: siku ukinona, atatokea wa kusema tuvunje tugawane.

Watu hupenda kunitajia Mondragon, mtandao wa vyama vya ushirika ulioanza mwaka 1956 katika eneo la Basque, Uhispania. Ni mfano mzuri, ila usomeni wote. Mwaka 2013 Fagor Electrodomésticos, kampuni yao ya vyombo vya umeme vya nyumbani, ilifilisika baada ya vyama vingine kukataa kuendelea kuimwagia fedha. Ushirika haukuizuia biashara mbovu isife. Ulichofanya ni kuwapokea wafanyakazi wanachama wengi wa Fagor katika vyama vingine vya mtandao huo. Kwa hiyo, kama mko peke yenu, tafuteni ushirika jirani kikazi mapema, muandikiane makubaliano ya kuazimana mafundi na kugawana oda. Dhiki ikishaingia, kila mmoja anafunga mlango wake.

Kuna suala moja linalokwepwa sana: vibarua. Ni rahisi kujisifu kwamba hamjamfukuza mwanachama hata mmoja, kumbe walioondoka kimyakimya ni wale wasio na hisa. Wekeni muda maalumu ambao kibarua akiufikisha ana haki ya kuomba uanachama, na hisa yake ikatwe kidogokidogo kwenye mshahara. Kiingilio cha mkupuo huwafungia nje walewale wanaouhitaji ushirika kuliko wote.