Sola juu ya gari: kwa nini paneli hung'oka, na namna ya kuifunga itulie

Maswali ya wasomaji mara hii karibu yote yametoka kwa watu wanaolala ndani ya magari yao: Land Cruiser za safari, Coaster zilizotolewa viti, na yale magari-nyumba ya Ulaya. Kabla ya majibu, hesabu moja ambayo tutairudia. Paneli yenye ukubwa wa mita moja ya mraba, gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, inaweza kuvutwa juu na upepo kwa nguvu ya karibu kilo 47. Kwenye 120 ni kilo 68. Paneli yenyewe ina kilo 10 hadi 12, kwa hiyo anayesema "itakaa kwa uzito wake" hajapiga hesabu.

Nina Land Cruiser yenye keria ya mabomba na paneli mbili za wati 200. Fundi anataka kuzifunga kwa kebo tai na waya wa kufungia nondo. Zitadumu? (Arusha)

Hazitadumu. Kebo tai ya plastiki hukakamaa kwa jua na kukatika siku usiyoitarajia. Waya wa nondo nao hulegea, kisha huanza kuila fremu ya alumini kama msumeno. Hata visipokatika, vyote viwili vinaiacha paneli icheze, na kucheza ndiko kunakoiua. Ile barabara ya vumbi ya kutoka Ngorongoro kushuka Serengeti, yenye vijituta vya karibukaribu, haimwachi fundi mvivu salama.

Nunua engo ya alumini ya milimita 40 kwa 40, unene milimita 4, ukate vipande vinne vya kuvuka keria. Kila paneli ilale juu ya engo mbili, na kila engo ipite sentimita 30 hadi 37 kutoka ncha ya paneli. Ukiiegemeza kwenye ncha tu, katikati hupanda na kushuka kila gari linaporuka. Kioo kinaweza kubaki kizima huku seli za ndani zikipata nyufa nyembamba kama unywele, na wati zinapungua bila wewe kuona sababu.

Engo zishike mabomba ya keria kwa yu-bolti za M8 (bolti zilizopinda kama herufi U, nene milimita 8), moja kila upande, jumla nane. Kati ya bomba na engo weka kipande cha tyubu ya tairi. Paneli ifungwe kwenye engo kwa bolti nne za M6 za stenlesi, kupitia matundu yaliyotoka nayo kiwandani chini ya fremu. Usitoboe matundu yako mwenyewe karibu na kioo. Washa ziwe pana, juu na chini, na nati ziwe zile zenye pete ya nailoni. Spring washa peke yake kwenye mtikisiko wa aina hiyo ni pambo. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti, kwa sababu stenlesi kwa stenlesi hukwama katikati ya kukaza na hapo utaikata.

Ukimaliza, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye engo. Baada ya kilomita 100 za vumbi panda uangalie: mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka. Kaza zote upya siku hiyo, maana tyubu itakuwa imebanwa zaidi, halafu uwe unakagua kila baada ya safari ndefu.

Mambo mawili zaidi. Bomba la mbele la keria liwe juu kuliko paneli kwa sentimita 2 au 3, ili matawi ya migunga yaligonge kabla ya kugonga kioo. Na paneli mbili pamoja na engo na bolti ni karibu kilo 30. Zitoe kwenye uzito unaoruhusiwa juu ya paa gari likiwa linatembea, kama ulivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, pamoja na keria yenyewe na tairi la akiba kama liko huko juu.

Gari-nyumba langu lina paa la fiberglasi na sitaki kulitoboa. Gundi peke yake inatosha kwenye barabara kuu? (Hamburg)

Inatosha, na kwa paa lako ni bora kuliko skrubu. Mapaa hayo mara nyingi ni ngozi ya milimita 1 hadi 2 juu ya povu. Skrubu ikivuka ngozi inakuta povu, haina cha kung'ata, na umeshafungua njia ya maji.

Watu huiogopa gundi bure. Chukua vishikio vinne vya kona na viwili vya kati, vyenye jumla ya sentimita za mraba 600 za kubandikia. Gundi ya poliyurethani ya kuungia bodi za magari, kama Sikaflex-252, hata ukiihesabia kilo 1 tu kwa sentimita ya mraba, ambayo ni sehemu ndogo ya uwezo wake, inakupa kilo 600 dhidi ya zile 68 za upepo. Paneli ikiruka, gundi kwa kawaida imebaki nayo. Kilichoachia ni kilichokuwa chini ya gundi: nta, vumbi, rangi iliyoanza kumenyuka, au kishikio cha plastiki ambacho hakikupigwa msasa.

Kwa hiyo kazi yako kubwa ni usafi. Osha paa kwa maji ya sabuni, likauke. Panga paneli bila gundi, zungushia mkanda wa karatasi kila kishikio, uziondoe. Sugua ndani ya mkanda na chini ya vishikio kwa msasa wa namba 120 hadi 180 mpaka mng'ao uondoke. Futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa cheupe, ukivuta kuelekea upande mmoja tu na kugeuza kitambaa kila mara. Kikitoka na weusi wowote, rudia. Kisha paka praima, yaani dawa ya kutanguliza ili gundi ishike, ambayo karatasi ya gundi yako inaitaja kwa fiberglasi, na ile inayoitaja kwa plastiki au alumini ya kishikio, na usubiri dakika zilizoandikwa. Kama paa limepakwa rangi, kwaruza vimistari vya mraba kwa wembe pembeni, bandika mkanda wenye nguvu, uuvute kwa kishindo. Rangi ikitoka na mkanda, itatoka na paneli pia, hivyo iondoe yote mahali pa vishikio.

Gundi uiweke kwa mistari ya pembetatu, upana milimita 8 na kimo milimita 10, ukiacha nafasi kati ya mstari na mstari. Hukauka kwa unyevu wa hewa, na ukiipaka kama siagi kwenye mkate unyevu haufiki katikati, utabaki na ute kwa wiki kadhaa. Usiibane ikaisha: acha unene wa milimita 3, kwa kutanguliza vipande vidogo vya mpira wa kimo hicho. Unene huo ndio unaomeza kutanuka. Fremu ya alumini ya mita 1.5 hurefuka karibu milimita 1.7 joto lake likipanda nyuzi 50, na gundi nyembamba haina pa kunyumbukia.

Chini ya nyuzi 10 za joto usianze. Saa 24 za kwanza hukauka milimita 3 hadi 4 tu kutoka nje, na hewa ya baridi na kavu huchelewesha. Barabara kuu isubiri wiki moja. Kishikio cha mbele kiwe kipande kirefu kinachoziba ukingo wote, ili upepo usiingie chini. Pembeni na nyuma acha wazi.

Fundi alipaka silikoni kuzunguka skrubu za vishikio. Masika yalipoanza maji yakaanza kudondoka kitandani. Nipake tena juu yake? (Dar es Salaam)

Usipake. Juu ya silikoni ya zamani hakuna kinachoshika vizuri. Isitoshe, ile inayonuka siki ikiwa mbichi hutoa asidi, na kama paa ni la bati, huenda kutu imeshaanza chini yake. Toa skrubu zote, bandua silikoni kwa kisu cha plastiki, malizia kwa dawa ya kuondolea silikoni. Nyunyiza maji: yakijikusanya vitone mahali ilipokuwa silikoni huku pembeni yakitandaa, bado ipo.

Acha matundu yakauke kabisa. Kama ni bati, kwangua kutu na upake praima ya zinki. Weka mkanda wa butili (mpira laini unaonata) chini ya kishikio, rudisha skrubu zenye gundi ya poliyurethani kwenye nyuzi, kaza mpaka butili itokeze pembeni. Vichwa vya skrubu vifunike kwa silanti ya magari inayostahimili jua. Poliyurethani ya kawaida ikiachwa wazi hupasuka juu ya uso wake.

Coaster ya bati: nitoboe wapi, na bolti zishike nini? (Nakuru)

Ukigonga paa kwa kidole utasikia mahali sauti inapokuwa nzito. Hapo chini pana ubavu unaovuka gari, na hapo ndipo pa kutoboa, si katikati ya mbavu mbili ambapo bati ni jembamba na hupumua. Ukiweza kushusha silingi, pitisha bolti ya M6 mpaka ndani na uweke bamba la alumini la milimita 50 kwa 50, unene 3, chini ya nati. Hakuna kinachoshinda hilo.

Silingi isiposhuka, tumia nati za ribiti za M6, zinazobana bati kutoka upande wa juu, tundu la milimita 9. Usitumie skrubu za kuezekea. Zina nyuzi mbili tatu tu ndani ya bati, na mtikisiko huzipanua. Funga kizuizi kwenye drili, kwani nyaya za taa hupita juu ya silingi. Lainisha kingo za tundu, paka praima ya zinki, ikauke ndipo ufunge. Halafu fagia vumbi lote la chuma siku hiyohiyo: likilala na umande, kesho rangi nyeupe ya paa lako ina madoa ya kutu. Kwa paneli ya wati 100 vishikio vinne vinatosha. Kuanzia wati 150 weka sita.

Kwa nini hamzitaji zile paneli laini za kubandika? Hazina bolti wala upepo. (Kampala)

Kwa sababu ya joto. Paneli hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Ikifika nyuzi 65 umeshapoteza asilimia 14, na iliyobandikwa moja kwa moja juu ya bati haina hewa chini ya kuipoza. Plastiki yake ya juu hufifia na kuchakaa mapema kuliko kioo, na ikifa unaibandua pamoja na rangi. Chini ya paneli ya kioo acha sentimita 2 hadi 5. Tunazikubali laini kwenye paa la mviringo au lisilobeba uzito tu.

Paa langu la safari hunyanyuka wageni wanapotazama wanyama. Naweza kuweka paneli juu yake? (Moshi)

Ni afadhali uiweke kwenye sehemu isiyonyanyuka, juu ya dereva au nyuma. Kilo 12 juu ya paa la kunyanyua huzisikia mikononi kila siku, na bawaba huzisikia kila kituta. Ukilazimika, waya upite upande wa bawaba ukiwa na mzunguko wa ziada, na ufungue na kufunga paa mara kumi ukiangalia unabanwa wapi.

Bolti za stenlesi zimeotesha unga mweupe kwenye fremu. Zimechakachuliwa? (Mombasa)

Si lazima. Stenlesi ikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, inayoliwa ni alumini, na unga huo ndio mabaki yake. Weka washa za nailoni kati yao, chagua stenlesi ya daraja la A4, inayostahimili chumvi zaidi, badala ya A2, na uoshe paa kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni. Mahali fremu imeshalika ndani ya tundu, hamia tundu jingine la kiwandani.

Waya uingie wapi, na uwe mnene kiasi gani? Nina paneli moja ya wati 200. (Dodoma)

Uingie kupitia kiboksi cha kubandika chenye midomo ya kubana waya, midomo ikitazama nyuma ya gari. Kabla ya kuingia, waya ushuke kidogo kisha upande, ili maji yadondokee hapo chini badala ya kuufuata ndani. Ufunge kwenye fremu kila sentimita 20, usipigwe na upepo.

Paneli yako hutoa karibu ampea 10. Kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza volti 0.7, wa 4 hupoteza 0.44, wa 6 hupoteza 0.29. Chukua wa 6 kama bei inakuruhusu. Wa 4 si kosa. Viunganishi vya MC4, vile vya kuchomekea nyaya za paneli, viwe vya mtengenezaji mmoja, dume na jike. Vya kuchanganya huingiana vizuri, kisha hupata moto.

Kontrola, yaani kidhibiti cha kuchaji betri, ya ampea 20 inatosha, na fyuzi ya 30 iwe karibu kabisa na betri, kwenye waya chanya. Funika paneli kwa blanketi, unganisha betri kwenye kontrola kwanza, kisha paneli, ndipo uondoe blanketi. Siku ya kufungua, anza na paneli.