Kula vizuri Cannes bila kuogopa bili

Usiku wangu wa kwanza Cannes, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, nilikaa kwenye mgahawa unaotazama bahari, barabara ya La Croisette. Mhudumu akaniuliza: maji yenye gesi au yasiyo na gesi? Nikajibu yasiyo na gesi, ikaja chupa, na bei yake ikanishtua kwenye bili. Ningejua, ningesema tu "une carafe d'eau". Hilo ni jagi la maji ya bomba, salama kabisa, na kwa sheria ya Ufaransa ukiwa unakula unapewa bure.

Ninachomsisitizia kila anayekwenda huko ni hiki: mlo mkubwa uule mchana. Siku za kazi mikahawa mingi huwa na "formule", yaani sahani mbili au tatu kwa bei moja, kutoka jiko lilelile litakalokutoza zaidi usiku. Fika mapema, saa sita na nusu hivi. Ikishapita saa nane, majiko mengi yamezimwa. Menyu na bei hubandikwa nje, kwa hiyo soma kabla hujakaa. Bakshishi isikuumize kichwa, maana huduma imeshahesabiwa ndani ya bei. Na ukiingia anza na "Bonjour", kwani kuagiza bila salamu kule ni utovu wa adabu, kama kwetu tu.

Kisha kuna soko la Forville, chini ya mtaa wa kale wa Le Suquet. Nenda asubuhi, ila si Jumatatu, siku ambayo vyakula hupisha vitu vya kale. Tafuta socca: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, vinamiminwa kwenye sinia kubwa na kuokwa kwa moto mkali hadi kingo ziungue kidogo, halafu pilipili manga juu. Asili yake ni mji wa Nice, jirani hapo. Mimi niliyekulia kwenye bajia za dengu niliitambua ladha hiyo kwa tonge la kwanza.

Siku ya mwisho nilinunua pale mkate, jibini, nyanya na tini, nikapanda boti hadi kisiwa cha Sainte-Marguerite, safari ya kama dakika 15. Nikala chini ya misonobari, miguu ikikaribia kugusa maji. Hakuna meza niliyoifurahia zaidi ya hiyo.