Kwa nini Radio Luxembourg ilisikika Uingereza usiku tu?

SWALI: Nasomea uhandisi wa mawasiliano. Nimesoma kwamba Waingereza waliipata Radio Luxembourg usiku tu, tena sauti ikififia na kurudi, ilhali Wafaransa walisikiliza Europe 1 mchana kutwa. Vituo vyote viwili vilirusha matangazo ya biashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Je, tofauti ilikuwa nguvu ya mitambo?

JIBU: Hapana, kiini ni urefu wa wimbi. Sheria iliamua mnara usimame wapi, lakini wimbi ndilo lililoamua nani asikie, na saa ngapi.

Uingereza BBC ilihodhi utangazaji na haikupokea matangazo ya biashara. Ndiyo maana kuanzia 1933 Radio Luxembourg iliwalenga Waingereza kwa masafa marefu (yaani mawimbi ya redio yanayozidi mita 1,000), kwenye wimbi la mita 1,191 ambalo haikuwa imegawiwa. Posta ya Uingereza ilikataa kuwapa waliokodi vituo vya ng'ambo laini za simu za kupitishia vipindi, hivyo vikarekodiwa na kusafirishwa. Vita vya 1939 vilikatiza kazi hiyo. Baadaye masafa marefu yakawa ya Wafaransa, na mwaka 1951 Kiingereza kikahamishiwa masafa ya kati, mita 208. Hapo ndipo swali lako linapoanzia.

Wimbi la mita 208, takriban kilohezi 1,440, likisafiri juu ya ardhi huchoka mapema. Kutoka Luxembourg hadi London ni karibu kilomita 500, na kwa umbali huo wimbi la ardhini huwa limedhoofika mno. Lile linalopanda angani nalo, mchana, humezwa na tabaka D la ayonosfia (sehemu ya juu ya angahewa yenye chembe za umeme), kama kilomita 60 hadi 90 juu yetu, ambalo hudumishwa na jua. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka upesi, wimbi likafika kwenye matabaka ya juu zaidi na kurudishwa chini, mamia ya kilomita kutoka mnarani. Matabaka hayo hayatulii. Mawimbi yaliyopita njia tofauti hukutana kwenye antena yako. Yakipatana sauti hupanda, yakipingana hufutana. Wakati mwingine wimbi beba (wimbi kuu la kituo) hudhoofika kuliko mawimbi ya pembeni (yale ya kandokando yake yenye sauti yenyewe), na hapo muziki haufifii tu bali hukwaruza. Kuongeza kilowati hakutibu hali hiyo, kwa sababu mawimbi yote yanayogombana huongezeka pamoja.

Jambo linalonivutia zaidi katika historia hii ni ratiba yao. Tangu 1957 masafa hayohayo yalibeba Kijerumani mchana, kwa kuwa wimbi la ardhini lilifika vizuri magharibi mwa Ujerumani: jiji la Köln halifiki kilomita 200 kutoka Luxembourg. Jioni yakawa ya Kiingereza. Masafa yaleyale, mataifa mawili ya wasikilizaji, na jua ndilo likiwa swichi. Huo ni uhandisi uliofuata maumbile badala ya kushindana nayo, nami naustahi sana.

Europe 1 ilianza 1955. Ufaransa nako dola lilihodhi utangazaji, hivyo studio zilikuwa Paris lakini mtambo uliwekwa Felsberg, jimbo la Saar, ambalo wakati huo lilikuwa bado halijarudi Ujerumani. Wimbi lake lilizidi mita 1,600. Wimbi refu kiasi hicho hufuata mviringo wa dunia na kupoteza nguvu kidogo ardhini, likafika mamia ya kilomita mchana bila kutegemea anga. Minara ilipangwa ielekeze nguvu upande wa Ufaransa. Hapo, ndiyo, mtambo ulikuwa mkubwa mno, hatimaye ukafikia megawati 2, kwa sababu antena za masafa marefu hazina ufanisi mkubwa na kelele za radi huwa nyingi kwenye mawimbi marefu kiasi hicho.

Ukitaka kujipimia, vituo hivyo hutavipata tena: huduma ya Kiingereza ya mita 208 ilifungwa mwishoni mwa 1991, na mtambo wa Felsberg mwishoni mwa 2019. Lakini chukua redio yoyote yenye masafa ya kati, chagua kituo cha mbali, anza kusikiliza saa moja kabla ya magharibi, uandike nguvu ya mawimbi kila baada ya dakika tano. Grafu utakayoipata itakuonyesha tabaka D likiondoka.