Wanaoomba kuchapisha makala kwenye blogu yako: umjibu nani, umwache nani

Swali

Habari za kazi. Nina blogu ya mapishi ya pwani, naiandika kwa Kiswahili nikiwa Tanga, na huu ni mwaka wa nne. Tangu wasomaji waanze kuongezeka, napata barua pepe za watu nisiowajua wanaotaka kuniandikia makala bure. Wengine wanasema watanilipa dola 40 nikiweka tu kiungo (link) cha tovuti yao kwenye makala ya zamani. Nisipojibu wanarudi tena na tena. Mwaka jana nilikubali makala mbili, moja ya mafuta ya nazi na nyingine ya kupata mkopo wa haraka, na hiyo ya mkopo nililipwa. Nawajibu vipi bila kuonekana sina adabu? Na zile mbili zina madhara? Nimekuambatishia barua moja uione.

Mpishi wa Tanga

Jibu

Dada yangu, nianze na hilo la adabu, kwa sababu ndilo linalokula muda wako. Barua nyingi za aina hiyo hazidai jibu. Tumelelewa kuitikia kila salamu, na naelewa kwa nini inakuwia vigumu kunyamaza, lakini salamu hizo hazikuandikwa kwa ajili yako. Kuna programu zinazokusanya anwani za wenye blogu, zinapachika jina la blogu kwenye nafasi iliyoachwa wazi, zinatuma barua ileile kwa watu wengi kwa mkupuo, kisha baada ya siku chache zinatuma ukumbusho kwa kila ambaye hakujibu. Huyo anayerudi tena na tena mara nyingi si mtu aliyekaa akikusubiri. Ukimjibu, hata kwa kumkatalia, unathibitisha kwamba anwani yako inasomwa.

Hawa watu hawatafuti pa kuandika. Wanatafuta kiungo. Tangu Google ianzishwe mwaka 1998, moja ya njia zake za kupima uzito wa ukurasa ni kuangalia kurasa nyingine zinazouelekea. Ukimwekea mtu kiungo, ni kama umemdhamini mbele za watu. Blogu yako ina miaka minne na inasomwa na watu wa kweli, kwa hiyo udhamini wako una thamani. Tovuti ya mikopo au ya kamari iliyofunguliwa juzi haina sifa hiyo, na kuijenga kwa haki kunachukua muda. Hapo ndipo dalali anapoingia: anachukua pesa kwa mwenye tovuti, wewe anakupa makala au dola 40, na kinachobaki ni chake.

Google inaujua mchezo huu siku nyingi. Mwaka 2005 ilileta alama ya "nofollow", ambayo mwenye tovuti huiweka kwenye kiungo asichotaka kukidhamini. Aprili 2012 yakaja mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yakashusha tovuti zilizopanda kwa viungo vya hila. Januari 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka za mtandaoni, aliandika waziwazi kwamba makala za wageni zinazoandikwa ili kupata viungo zimeoza na watu waachane nazo. Kisha Machi 2024 sera zikaongezewa kipengele kinachomgusa mwenye tovuti mwenyewe: kuwaachia watu wa nje wachapishe kurasa kwako ili wapande kwa mgongo wa sifa yako ni kosa, na utekelezaji ulianza Mei mwaka huohuo. Kwa hiyo anayekuambia haina madhara anasema kweli kwa upande wake tu. Tovuti yake ikishuka, atafungua nyingine. Wewe huna blogu nyingine ya miaka minne.

Sasa turudi kwenye barua uliyonitumia, nayo naomba uisome taratibu, maana ukiijua hii moja utazijua nyingi. Inaanza "Habari Msimamizi", ilhali jina lako liko juu ya kila ukurasa. Mwandishi anajiita msomaji wako wa muda mrefu, halafu anasifu makala zako za "mtindo wa maisha". Wewe unaandika pweza wa nazi, mkate wa kumimina na visheti. Anaahidi makala ya maneno 800, kwa Kiingereza, kwenye blogu ya Kiswahili. Jina lililo kwenye anwani na jina lililotia sahihi ni mawili tofauti, na hakuna kampuni iliyotajwa. Kiini cha barua kimefichwa mwishoni kana kwamba ni kitu kidogo: anaomba "kiungo kimoja cha dofollow". Maana yake ni kiungo kisichowekewa alama yoyote, kinachopitisha udhamini wako wote. Na hapo ndipo alipojifichua. Msomaji wako anayetafuta kipimo cha tui hawezi kuona kwa macho kama kiungo kina alama au hakina. Anayeijali tofauti hiyo anaiandikia mashine, hamwandikii mpishi.

Wengine watakutajia namba na kukuambia "DA yako ni 24". Hicho (Domain Authority) ni kipimo cha kampuni ya Moz cha kukadiria nguvu ya tovuti, kinachoishia 100, na Google haikitumii. Kisikupe furaha wala huzuni. Wengine watakwambia kuna kiungo kilichokufa kwenye makala yako fulani na kwamba wao wana ukurasa unaofaa kuziba pengo. Hawa wakati mwingine wanasema kweli, basi kiangalie hicho kiungo. Kikiwa kimekufa, kiondoe au tafuta chanzo bora mwenyewe. Kukuonyesha kosa hakumpi mtu haki ya kupewa nafasi.

Kwa kazi ya kila siku, fungua kwenye blogu ukurasa mfupi wenye kichwa "Ukitaka kuandika hapa". Sema unapokea makala kwa Kiswahili tu, za mapishi tu, kutoka kwa mtu anayejitambulisha kwa jina lake, na kwamba viungo vya biashara vinawekewa alama. Sema pia kwamba maombi yasiyofuata hayo hayajibiwi. Ukishaliandika hilo, ukimya wako umeshajieleza na huna deni la jibu kwa mtu. Kisha kwenye Gmail tengeneza kichujio kinachokamata maneno kama "guest post", "dofollow" na "sponsored article", kizipe barua hizo lebo yake na ziruke kikasha kikuu. Usikiagize kizifute moja kwa moja. Pitia lebo hiyo mara moja kwa mwezi, chota unayoiona ya kweli, zilizobaki ziripoti kuwa barua taka. Anayekujia mara ya tatu mzuie kabisa.

Ukikuta barua ambayo huna hakika nayo, jibu kwa sentensi moja: "Asante. Unamwandikia nani, na kiungo kitaelekea wapi?" Sijaona swali linalochuja haraka kuliko hili. Mtu wa kweli atakujibu bila kusita, pengine atakwambia hahitaji kiungo chochote. Dalali ataanza kuzunguka, au atasema atakuonyesha kiungo makala ikishakubaliwa.

Kuhusu pesa, sisemi kuuza tangazo ni dhambi. Blogu ina gharama, na seva hailipiwi kwa pongezi. Lakini liuzwe kama tangazo. Juu ya makala andika "Tangazo" au "Makala hii imelipiwa", msomaji aone kabla hajasoma. Kwenye kiungo weka rel="sponsored", alama ambayo Google iliitambulisha Septemba 2019 kwa ajili ya viungo vya kulipiwa hasa; nofollow nayo bado inakubalika. Pesa ipokee kabla ya kuchapisha, na mkubaliane kwa maandishi tangazo litakaa muda gani. Waambie masharti haya tangu barua ya kwanza. Wengi watatoweka hapohapo, na utakuwa umejua walichokuwa wakinunua. Muuza viungo vya chakula au mwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi anayetaka wateja wa kweli hatatishwa na neno "Tangazo". Kamari, mikopo ya haraka na dawa za kuongeza nguvu usizipokee hata zikiwa na alama. Ni mama aliyekuja kutafuta kipimo cha unga ndiye atakayebonyeza.

Ila usifunge mlango wote. Mgeni mzuri analeta kitu ambacho wewe huna. Mvuvi wa Mkinga anayeweza kueleza pweza hupondwaje na kwa muda gani, au binti wa Pemba mwenye mapishi ya bibi yake na picha alizopiga mwenyewe jikoni, huyo mjibu siku hiyohiyo. Utamtambua kwa sababu anataja makala yako kwa jina, anasema alipoijaribu ilitokea nini, pengine anakukosoa. Makala yake ikifika, chukua sentensi mbili tatu, ziweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google uone kama zimeshachapishwa kwingine. Picha uliza alizipata wapi. Kila kiungo kifungue mwenyewe uone kinaishia wapi.

Kuna ombi moja ambalo lazima nilikazie: mtu usiyemjua asipewe nywila wala akaunti ya kuchapisha. Wapo wanaosema "nitengenezee akaunti nikupunguzie kazi". WordPress, programu inayoendesha blogu nyingi, ina ngazi ya mchangiaji, ambayo inaandika rasimu lakini haiwezi kuchapisha wala kupakia faili. Hiyo inamtosha hata mgeni unayemwamini. Usiyemjua, pokea maandishi yake kwa barua pepe au Google Docs, uyabandike wewe. Ukibandika, angalia upande wa msimbo, maana kiungo kinaweza kufichwa kwenye nukta au kwenye nafasi tupu na macho yasikione.

Zile mbili za mwaka jana zishughulikie wiki hii. Ya mafuta ya nazi, isome upya kama msomaji. Kama inafundisha kitu, ibaki, na kiungo chake kiwekee nofollow. Kwenye WordPress bonyeza aya yenye kiungo, chagua kuihariri kama HTML, na ndani ya alama ya kiungo, ile inayoanza na <a, ongeza rel="nofollow". Kabla ya hapo kibonyeze uone kinakokwenda leo. Ukurasa uliokuwa wa mafuta ya nazi unaweza kuuzwa, na anwani ileile ikampeleka msomaji kwenye kamari. Ndiyo maana viungo vya wageni vinafaa kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka.

Ya mkopo iondoe yote. Haihusiani na mapishi, imelipiwa, na kiungo chake hakina alama: ni aina hasa ya kitu ambacho sera zinakikataza. Baada ya kuiondoa ingia kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, fungua sehemu inayoonyesha adhabu zilizotolewa na wakaguzi wa Google, uone kama umeandikiwa chochote. Isipokuwepo, huna barua ya kumwandikia mtu. Ikiwepo, onyo hilo litataja viungo visivyo vya asili vinavyotoka kwako. Pitia makala zote zenye viungo vya kulipiwa, sio hii tu, kisha omba kufikiriwa upya kupitia ukurasa huohuo na ueleze kwa ukweli ulichofanya na ulichorekebisha.

Aliyekulipa akija kulalamika, rudi kwenye mlichoandikiana. Kama mlikubaliana muda na haujaisha, mrudishie sehemu ya pesa inayolingana na muda uliobaki na umwambie sera ya blogu imebadilika. Kama hamkuandikiana muda, mweleze hilo mara moja kwa upole, naye akiendelea kuandika, kichujio kipo.