Pima nyumba kabla ya plasta

Karatasi za nyumba yetu zilikuwa safi. Hesabu za nishati zilipita, ramani ikapita, mkaguzi akagonga muhuri, na kwenye fomu paliandikwa maneno yaliyonifanya nitembee kifua mbele wiki nzima: kaboni sifuri, yaani nyumba ambayo nishati yake haiongezi hewa ukaa angani. Kisha akaja bwana mmoja na feni.

Kama hujawahi kukiona kipimo hiki cha kuvuja kwa hewa, ni kitu chepesi; na hupimwa kwa sababu hewa ikivuja, joto la nyumba huondoka nayo. Kwenye mlango wa mbele huwekwa turubai lenye fremu inayobana pembe zote, na katikati ya turubai feni kubwa. Madirisha yote yanafungwa. Feni inavuta hewa ya ndani kuitoa nje mpaka tofauti ya mgandamizo ifike paskali 50, halafu chombo kinasoma hewa kiasi gani inapenya kuja kujaza nafasi. Hesabu ya msanifu wetu ilichukulia kwamba katika hali hiyo hewa ya nyumba nzima ingebadilika mara 3 kwa saa. Chombo kikasoma 6.1.

Nikauliza kama chombo chake ni kizima. Hakujibu. Alinimwagia maji kidogo kiganjani, akaniambia nikisogeze karibu na soketi ya sebuleni. Upepo ulipita pale kana kwamba kuna mtu upande wa pili wa ukuta anapuliza chai.

Tukazunguka na kijiti chake cha moshi, ambao huyumba pale hewa inapopenya. Chini ya sinki ya jikoni, bomba la maji machafu lilipita kwenye tundu la kuingia ngumi, na tundu lenyewe limezibwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji iliyofinyangwa. Fundi bomba alikuwa amefanya kazi yake vizuri, maji hayavuji hata tone. Hewa haikuwa kazi yake. Nyuma ya plasta ya ukuta wa kaskazini kulikuwa na utando wa kuzuia hewa niliouagiza kwa mbwembwe nyingi, na fundi umeme, kijana hodari kabisa, alikuwa ameutoboa mara 11 kupitisha nyaya. Idadi naijua kwa sababu tulibomoa plasta kuyatafuta hayo matundu.

Kwa hiyo ukiniuliza nianzie wapi, sianzi na paneli za sola. Naanza na ganda: sakafu, kuta, paa, milango na madirisha. Mwombe msanifu ramani ya mkato, ile inayoonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa kwa kisu, shika kalamu nyekundu, ufuate mstari unaozuia hewa kuanzia sakafuni, upande ukutani, uzunguke paa, urudi ulipoanzia bila kuinua kalamu. Pale kalamu inapokwama, na itakwama, mara nyingi ukuta unapokutana na paa, ndipo nyumba yako itakapovuja. Fumbo hilo litatuliwe mezani. Likiachwa mpaka fundi yuko juu ya ngazi na jua linazama, atalitatua kwa karatasi ya saruji.

Pili, teua mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumwambia fundi yeyote "hapa hutoboi". Kwetu hakuwapo. Kila fundi alijua kazi yake na hakuna aliyejua ya mwenzake. Tatu, mwite mtu wa feni mara mbili, na safari ya kwanza iwe kabla ya plasta, utando ukiwa bado wazi. Tundu la siku hiyo linazibwa kwa kipande cha utepe na dakika tano. Mimi yangu yalinigharimu patasi, vumbi, na wiki tatu za kununiana na mkandarasi.

Utasema kanuni za ujenzi si zipo kutulinda? Zipo, ila kwa muda mrefu zilikuwa zinapima nyumba ya kwenye karatasi zaidi kuliko nyumba yenyewe. England sasa, kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2022, kila nyumba mpya hupimwa kuvuja kwa hewa, na mjenzi hutakiwa apige picha za vihami joto, yaani vifaa vya kuzuia joto lisitoroke, kabla havijafunikwa. Hizo picha ndizo ningezitaka mimi. Tena usingoje sheria ikushike mkono. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2006 kwamba kufikia 2016 nyumba zote mpya ziwe za kaboni sifuri. Kampuni zikajipanga, mafundi wakasoma, kisha Julai 2015 mpango ukafutwa. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria ya 2024, unataka majengo mapya yote yasitoe kaboni kuanzia 2030. Mimi nazichukulia kanuni kama kima cha chini, maana zinaweza kubadilishwa kwa hotuba moja na nyumba yako bado ipo.

Na wala si ndoto. Nyumba za Darmstadt, Ujerumani, zilizohamiwa mwaka 1991, ndizo zilizozaa kipimo kinachoitwa Passivhaus: mahitaji ya kupasha joto yasizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na hewa isibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa feni ikivuta. Vihami vinene, vioo vya tabaka tatu, na mafundi waliosimamiwa.

Ila ukiibana nyumba, ipe pua. Nyumba iliyobana bila njia ya hewa inaota ukungu nyuma ya kabati, na watu wanaamka na kichwa kizito. Kuna mtambo unaotoa hewa chafu na kuingiza safi, na njiani hewa mbili hizo zinapita ubavu kwa ubavu bila kuchanganyika, ile inayotoka ikiiachia inayoingia sehemu kubwa ya joto lake. Kusafisha chujio zake ni kazi yako, si ya mtambo. Yangu ya kwanza niliikuta imekuwa blanketi.

Pampu ya joto ndiyo iliyonifundisha unyenyekevu wa pili. Hii hailitengenezi joto, inalisomba kutoka nje kulileta ndani, na ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kukupa uniti tatu za joto. Lakini kadiri unavyotaka maji ya moto zaidi, ndivyo mzigo wa kupandisha unavyokua na umeme unavyoliwa. Aliyetufungia aliiacha kwenye nyuzi 60, kwa mazoea ya boila za gesi. Miezi miwili nimeilaumu pampu. Siku niliyoshusha hadi 40 mita ilipoa, na nyumba ikabaki na joto lile lile, kwa sababu mabomba ya sakafuni yanayopitisha maji hayo kupasha nyumba ni mengi na hayahitaji maji ya kuchemka. Usikubali pampu kabla hujaambiwa kwa maandishi itapeleka maji ya nyuzi ngapi, na kwa hesabu ya kila chumba.

Paneli za sola ziwekwe, ndiyo, mwisho, zikikuta nyumba inayohitaji kidogo. Angalia kivuli cha bomba la moshi kisiziangukie.

Kuna kaboni nyingine ambayo hakuna feni inayoipima: ile iliyokwisha kutoka kabla hujapewa ufunguo. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa, na mawe yenyewe yanapoungua hutoa kaboni hata kama moto wa tanuri ungekuwa wa umeme safi. Denmark mwaka 2023 iliweka kikomo cha kaboni ya maisha yote ya jengo, hiyo ikiwa ndani yake, kwa majengo mapya makubwa, na Ufaransa tangu 2022 inaihesabu kwenye nyumba mpya. Mimi nilitumia mbao pale nilipoweza, nikajisifu, huku nikiwa nimemwaga zege la chumba cha wageni ambacho kinalaliwa mara mbili kwa mwaka.

Tulipopimwa tena, baada ya patasi na utepe, chombo kilisoma 2.8. Tumepita. Mfuniko wa kupandia darini bado unapuliza, najua, niliuweka mwenyewe.