Piga hodi kwanza: kwa mdogo wangu anayeanza kuongoza timu ya wanawake

Mdogo wangu uliyeingia kwenye uongozi wa timu ya mpira ya wanawake, au unayekusudia kuanzisha yako mtaani, hongera. Mimi nilicheza beki miaka minane, kisha nikashika ukatibu wa timu ya ridhaa hapa Temeke, timu isiyomlipa mtu hata senti. Tulianza 2010, mwaka ule Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walipokwenda Afrika Kusini kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, na kila binti aliyekuwa akipiga danadana uani kwao akataka timu. Ligi Kuu ya Wanawake haikuwepo bado. Ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens ndio waliochukua ubingwa wa kwanza. Sisi tuliishi kwa mabonanza na mechi za kirafiki. Nimeona timu nyingi zikizaliwa na kufa, na sikumbuki hata moja iliyokufa kwa kufungwa mabao. Zilifia nyumbani kwa wachezaji, au zilifia kwenye pesa.

Kwa hiyo usianze na jezi. Anza kwa kupiga hodi.

Tulikuwa na golikipa mmoja, binti wa miaka 17, mikono kama sumaku. Akakosa mazoezi mara tatu mfululizo. Kocha akasema akatwe, nidhamu ni nidhamu. Nikaomba siku mbili nikaenda kwao saa tisa mchana. Nilimkuta mama yake kakaa kwenye kibao, beseni la vibua mbele yake, magamba yamemrukia hadi kwenye kilemba. Binti kainama pembeni na kisu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, ila mikono yangu ndiyo hii unayoiona." Nikavuta kigoda, nikaomba kisu, nikaanza kupara. Tulipofika katikati ya beseni ndipo akaniuliza: "Sasa akija huko kwenu, hawa nani atanipara? Saa kumi na moja natakiwa niwe kituoni na karai limeshapata moto."

Hilo swali halina jibu la nidhamu. Jibu tulilipata kwa kiungo wetu mmoja aliyekuwa jirani yao. Siku za mazoezi alikuwa anakwenda pale saa saba, wanapara wawili, wanamaliza mapema, wanakuja uwanjani pamoja wakinuka samaki. Golikipa hakukosa tena. Zaidi ya hapo, mama yule akawa mtetezi wetu mtaani, na mzazi mmoja anayekutetea kwa wazazi wenzake ana uzito kuliko barua ya kiongozi yeyote.

Ukiwa huko nyumbani, sikiliza hofu yenyewe, usikimbilie kujibu hofu uliyoizoea. Wengine wanauliza giza: nani atamrudisha mwanangu? Maliza mazoezi jua halijazama, na warudi kwa makundi kwa njia moja. Wengine wanauliza mavazi. Hapo unalo jibu la uhakika: tangu 2014 sheria za soka zinamruhusu mchezaji kufunika kichwa, na unaweza kumweleza baba mtu kwamba binti yake atacheza na hijabu, suruali ya kubana na mikono mirefu bila refa kumtoa. Baba mmoja nilimwonyesha picha kwenye simu, akaitazama kimya, akasema, "Basi rangi zifanane na za wenzake." Ndiyo ruhusa yenyewe hiyo.

Sasa pesa. Hapa naandika kwa uchungu kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mwaka wetu wa tatu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alituchangia shilingi 150,000 kwa ajili ya bonanza. Mweka hazina, dada mwaminifu ninayemheshimu mpaka leo, alilipa nauli, maji, barafu na mchango wa waamuzi. Hakuandika, nami sikumwomba aandike, maana tulikuwa tunaaminiana. Wiki mbili baadaye maneno yakaanza: mbona ana viatu vipya? Hakuna aliyemwuliza usoni. Akaacha timu, wachezaji wanne wakamfuata, na msimu mzima hatukutimiza kumi na moja. Siku hizi daftari letu lina safu nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, saini ya aliyeshuhudia. Kila Jumapili baada ya mazoezi linasomwa kwa sauti, hata kama kilichotoka ni shilingi 2,000 za maji. Pesa ya simu iingie kwenye laini moja inayojulikana, isiwe ya kocha.

Daftari linakulinda pia dhidi ya watu wa nje. Huko Preston, Uingereza, mwaka 1917 wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr waliokuwa wakitengeneza silaha za vita walianzisha timu, wakacheza kuchangia majeruhi. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza Goodison Park mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka haukuisha, tarehe 5 Desemba 1921, chama cha soka cha Uingereza kikaviambia vilabu vyake visiwape wanawake viwanja. Kilisema mpira hauwafai wanawake, na papo hapo kikadai kwamba sehemu kubwa mno ya mapato ya mechi zao inaliwa na gharama. Umeona? Asiyekutaka atashika hesabu zako. Marufuku ile ilidumu karibu nusu karne, lakini wale wa Preston waliendelea kwenye viwanja vingine mpaka 1965. Kwa hiyo usitegemee uwanja mmoja. Sisi tuna ruhusa ya maandishi kutoka shule mbili za msingi, na tunafagia darasa lililo karibu na goli hata kama hatukulichafua.

Usajili usiuogope. Tengenezeni katiba, muwe na muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama, mwone afisa michezo wa halmashauri, naye atawaelekeza kwa Msajili wa Vilabu aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Unachosha, basi.

Miili ya wachezaji wako itunze kwa maarifa. Wanawake huumia goti, ile kano ya katikati, mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na goti likichanika kwa mchezaji wa ridhaa ndiyo mwisho wake, kwani pesa ya upasuaji haipo. Kuna mazoezi ya kupasha moto ya FIFA 11+, kama dakika 20 hivi, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira na alama chache za kuweka chini. Fanya hayo kila siku ya mazoezi, hata wachezaji wakinung'unika wanataka kupiga mpira. Na kwenye begi la timu weka taulo za kike, kanga moja ya rangi nyeusi na sabuni. Mwambie kila mchezaji zilipo siku anapojiunga, ili asije akalazimika kuuliza mbele ya kocha mwanaume.

Mwisho watakuja kuwachukua, na lazima ujiandae kwa hilo. Golikipa wetu aliitwa kwa barua na timu ya ligi. Usiku ule nilipata hasira ambayo sijawahi kumwambia mtu. Ningeweza kuificha barua ile wiki moja tu na nafasi ingempita. Asubuhi nikaipeleka kwao, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari, mama akasimamisha kisu kila tulipofika kwenye malazi na matibabu. Tuliandika maswali matano, tukayapeleka kabla binti hajasaini. Mawili walijibu vizuri, mawili wakabadilisha, moja tukalikubali lilivyo. Nakala iko kwenye faili la klabu, ukurasa unaofuata jina lake, bado ina doa la mafuta ya samaki.